Nifanyeje Mke Wangu Anyamaze? Shangazi Ajibu Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja: malalamiko. Kuna anayelalamikiwa, kuna anayelalamika na haya zimemshika, kuna asiyejua amlalamikie nani. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la kupokea malalamiko katika ofisi moja ya umma hapa kisiwani Mombasa, kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu mawili. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana najua nyumba za namna hiyo ni nyingi.

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi, na shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mishomoroni, nafanya kazi ya zamu bandarini Kilindini. Mke wangu ni mchapakazi, asubuhi anauza mahamri na mbaazi, kwa hilo sina la kumtoa. Lakini Shangazi, analalamika kutwa kucha. Nikiingia tu mlangoni: maji hayajatoka siku ya nne leo. Mwenye nyumba hajatengeneza choo. Gesi imekwisha. Dada zangu wamekuja, wamekula, wameacha vyombo. Mtoto wa pili anakohoa. Zamu yangu imebadilika na sikumwambia. Nikishika simu, ati simu ndiyo mke wangu. Wiki iliyopita alimwambia mamangu mzazi, mbele yangu: "Mama, mimi sina mume, nina mpangaji." Pesa ya matumizi natoa kila siku na sijawahi kuwalaza na njaa. Nimejaribu kumnyamazia, nimejaribu kwenda kukaa maskani mpaka alale. Rafiki zangu wanasema ndivyo wanawake walivyo, na mmoja amenishauri nimkumbushe kuwa mke mwema husubiri. Nifanyeje anyamaze? — Baba wa Watatu, Mishomoroni

JIBU: Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu. Umeniandikia mambo saba anayoyalalamikia mkeo. Hakuna hata moja uliloniambia kuwa ni la uongo. Maji kweli hayatoki, choo kweli kibovu, mtoto kweli anakohoa. Msaada unaoutaka kwangu ni kwamba yasisemwe.

Hebu tulitazame hilo la maji peke yake. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima, kule Tsavo Magharibi, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950 lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, Baricho, kwenye mto Sabaki, Marere, upande wa Kwale, na visima vya Tiwi. Bomba la Mzima liliwekwa mji ukiwa mdogo. Katika hesabu ya watu ya 2019, kaunti yetu ilikuwa na watu zaidi ya 1,200,000. Ndiyo maana maji huja kwa mgao, na mara nyingi huja watu wamelala. Anayeusikia mfereji ukikohoa ni nani? Kwanza unatoa hewa, kisha unatema maji mekundu ya kutu, halafu yanaanza kutiririka kiuzi chembamba. Saa nane za usiku kuna mtu anaamka kujaza pipa, madumu, ndoo na sufuria kubwa ya shughuli, na akimaliza hana faida ya kurudi kitandani, kwa sababu unga wa mahamri umeshaumuka, lazima asukume, akate na akaange kabla watu hawajaenda kazini. Maji yasipokuja, mtu huyo huyo anamngoja wa mkokoteni, anahesabu madumu ya lita 20, na pesa anaitoa kwenye faida ya mahamri. Katika ile pesa ya matumizi unayotoa, maji umeyapigia hesabu?

Uhaba huo hakuuleta yeye, na wala hukuuleta wewe. Lakini mwenye bomba hayuko Mishomoroni, na mwenye nyumba hapokei simu. Malalamiko humfikia aliye karibu hata kama kosa ni la aliye mbali, na aliye karibu ni wewe. Mimi pale dirishani nilifokewa kwa makosa ya watu nisiowajua hata sura. Nikaona kwamba mtu ukimkatiza katikati, anaanza upya toka mwanzo, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Ukimwacha afike mwisho, mara nyingi lile la mwisho ndilo lililomtoa kwake. Mkeo hajapata kulifikia la mwisho, kwa sababu akifika la pili wewe umeshavaa ndara unatoka.

Kesho ukirudi, maskani usiende. Kaa, simu iweke chumbani. Mwache amalize. Usijitetee, usimweleze ulivyochoka, usimwambie kuwa wenzake wana shida kubwa zaidi. Akimaliza, muulize: "Katika haya yote, nianze na lipi?" Yeye atalazimika kuchagua, na wewe utaepukana na kubebeshwa saba kwa mpigo. Nadhani atachagua dogo kuliko unavyoogopa. Huenda akataka tu umwambie zamu ikibadilika, na hilo halikugharimu hata shilingi. Huenda akataka wewe ndiye ukamkabili mwenye nyumba, maana yeye akienda huambiwa "mwambie mumeo aje". Akishachagua, lifanye hilo mpaka liishe, ndipo uulize la pili. Usiloliweza mwambie waziwazi kwamba mwezi huu huliwezi. Kinachomchosha zaidi ni ile "nitaangalia" yako isiyo na siku.

Sasa lile neno la mpangaji. Limekuuma, na una haki ya kuumwa. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, amewachunguza wanandoa wengi wakizozana huku yeye akiwatazama. Yeye hutenga mambo mawili: kulalamikia tendo na kumshambulia mtu mwenyewe. "Hukuniambia zamu imebadilika, nikakungoja na chakula" ni lalamiko. "Wewe si mume" ni shambulio, na likizoeleka nyumbani ndilo linaloila ndoa. Kwa hiyo mwambie mkeo, saa ya utulivu mkiwa wawili tu, kwamba kusemwa mbele ya mamako kumekutahayarisha. Lakini kabla ya kumwambia, lisikie kwanza. Mpangaji hulipa kodi, hulala, huondoka. Haulizwi kwa nini pipa ni tupu. Ndivyo anavyokuona siku hizi, na amelisema mbele ya mavyaa wake kwa sababu ametafuta mtu ambaye wewe utamsikiliza. Gottman huyo huyo ameona kuwa katika ndoa zinazodumu, hata katikati ya ugomvi, jambo moja baya huwa limezungukwa na mazuri matano. Mahamri ya mkeo umeyasifu lini mara ya mwisho?

Rafiki zako wasikudanganye na "ndivyo wanawake walivyo". Pita maskani yoyote, Mwembe Tayari mpaka Bombolulu, magharibi ikiingia, utasikia wanaume: refa, bei ya petroli, foleni ya feri, mheshimiwa aliyepotea tangu kura. Tumeumbwa hivyo sote. Kurani, katika Sura ya Al-Maarij, inasema binadamu ameumbwa na papara, shari ikimgusa utulivu humtoka.

Na huyo wa "mke mwema husubiri", mwambie akamuulize maalim wenu kisa cha Khawla binti Thaalaba. Mumewe, Aws bin Samit, alimwambia kwa hasira kwamba yeye kwake ni kama mgongo wa mamake, tamko ambalo kwa desturi ya Waarabu wa wakati ule lilimharamisha mke kwa mumewe. Khawla hakukaa akasubiri. Alikwenda kwa Mtume kumshtaki mumewe, akajadiliana naye, akarudia maneno yake. Zikashuka aya za mwanzo za Sura ya Al-Mujadila, na aya ya kwanza kabisa inasema kuwa Mwenyezi Mungu amesikia maneno ya mwanamke huyo. Tamko lile likalaaniwa, na mume anayelitoa akawekewa kafara. Basi usiitumie dini kumfunga mkeo mdomo.

Jambo jingine. Siku ukirudi ukakuta kimya, na pipa bado tupu, na choo bado kibovu, usifurahi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niandikie haraka.

SWALI: Shangazi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kibokoni amenunua leso, na kila akiifua anaianika kuelekea mlango wangu. Maneno yake ni "Nilidhani dhahabu kumbe adhabu". Zamani tulikuwa tukipelekeana futari. Nimeshakwenda Mtaa wa Biashara kutafuta ya kumjibu. — Mwenye Kupigwa Vijembe

JIBU: Usinunue, mwanangu. Wanawake wa pwani tangu zamani wameyasema kwa leso yale ambayo mdomo umeona haya kuyatamka, kwa hiyo ndani ya kijembe hicho kuna lalamiko la kweli. Tena soma neno la kwanza: alikudhani dhahabu. Kuna mahali umemkosa, au anaamini umemkosa. Chukua sahani, tia ulichopika, ubishe mlango wake mchana peupe. Useme, "Dada, nimekukosea wapi?" Halafu unyamaze mpaka ajibu. Ukilipa kwa leso, mtaa mzima utasoma na hakuna atakayewapatanisha.

SWALI: Bi Shangazi, salaam. Nadhani tu rika moja, kwa hivyo shikamoo nimeiruka. Niko Likoni, nina mgongo na magoti. Nikiwaambia wanangu naumwa, hunijibu: "Mama, mshukuru Mungu, kuna wasioamka." Sasa naona haya kusema, hata usiku nikiumia najiuma kidole. Je, kusema naumwa ni kukufuru? — Bibi wa Likoni

JIBU: La, dada yangu, na nimesikitika sana kusoma kwamba unajiuma kidole. Nabii Ayub, ambaye kila anayetaka kukunyamazisha atamtaja, alimwambia Mola wake kwa ulimi wake kwamba madhara yamempata. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Na angalia nani walimkemea: ni wanawe mwenyewe, waliomwambia ataendelea kumkumbuka Yusuf mpaka augue au aangamie. Akawajibu kwamba masikitiko yake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Shukrani na maumivu hukaa kifua kimoja bila kugombana. Waambie wanao hivi: "Dawa sijawaomba. Nawaomba mnisikilize." Wengi wao husema "shukuru" kwa hofu, maana wakikiri kuwa mama anaumwa, itabidi wafanye jambo.

Lakini nina shaka nyingine juu yako, na ni kubwa zaidi. Sisi tuliolelewa huku tukiulizwa hali hujibu "sijambo, alhamdulillahi" hata tukiwa tumeshikiliwa kwapani na watu wawili. Tunaingia kwa daktari, anauliza, tunasema "sijambo mwanangu, ni uzee tu". Foleni ni ndefu, anaandika tembe za maumivu, tunatoka. Pale kwa daktari ndipo pa kulalamika bila haya. Kabla hujaenda, mwambie mjukuu akuandikie karatasi: panauma wapi hasa, tangu lini, saa ngapi huzidi, ukikaa au ukisimama, kama maumivu yanashuka mguuni, kama vidole vya miguu hufa ganzi, na dawa zote unazomeza zikiwemo za kienyeji. Mpe aisome. Na siku yoyote ukipata ganzi ya ghafla katikati ya mapaja, au miguu ikalegea, au mkojo ukakataa kutoka au ukashindwa kuuzuia, usingoje miadi wala usingoje mtoto arudi kazini. Vuka siku hiyo hiyo, nenda hospitali.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi na shoga yangu tunafanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni. Kila jioni tunatumiana sauti za WhatsApp kumsema meneja, hasa kwa kutukatia siku zetu za mapumziko. Zamani nikimaliza roho ilikuwa inatulia. Siku hizi nikimaliza silali, moyo unanienda mbio. Lakini nikiacha, naona kama nitampoteza rafiki. — Mfanyakazi, Nyali

JIBU: Marahaba mwanangu. Unachokisikia moyoni kimechunguzwa. Amanda Rose, wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kuanzia 2002 amechapisha utafiti juu ya marafiki vijana wanaoichambua shida ile ile tena na tena. Aliona urafiki wao unazidi kukaribiana na, hasa kwa wasichana, huzuni na wasiwasi vinazidi papo hapo. Ndiyo maana ni vigumu kuacha: kuna kitu kizuri mnachokipata humo. Rafiki usimwache. Punguza marudio. Jambo moja lisemwe mara moja, na anayesikiliza aulize, "Kesho tunafanya nini?"

Na hilo la mapumziko lina la kufanywa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Nendeni mkaandike tarehe, kila siku mliyokatiwa, nani alisema na kwa njia gani. Ujumbe wa simu msiufute. Mkiwa na karatasi ya miezi miwili, mpelekeeni meneja pamoja, na akikataa kuwasikiliza kuna ofisi ya kazi ya serikali. Zile sauti mlizotumiana usiku zimejaa ushahidi, ila zimechanganyika na matusi. Toeni ushahidi humo, matusi yaacheni.

SWALI: Maji hayaji, bili inajileta yenyewe, tena kubwa. Nimepiga simu, nimekwenda, nimefoka mpaka mlinzi akanitoa. Wanasema "tutashughulikia". Nimechoka kulalamika, nilipe tu yaishe? — Mlipaji, Changamwe

JIBU: Usilipe tu yaishe, na kufoka pia acha. Andika.

Kuna barua ya malalamiko iliyoandikwa takriban mwaka 1750 kabla ya Kristo, iliyopatikana katika mji wa Ur, ambao leo uko Iraki. Ni kipande cha udongo kinachoshikika kwa mkono mmoja, na sasa kimehifadhiwa British Museum, London. Mtu aitwaye Nanni alimwandikia mfanyabiashara Ea-nasir kuhusu shaba mbovu. Ana hasira, lakini hakupotea njia: anataja walichoahidiana, alicholetewa, jinsi mjumbe wake alivyodharauliwa, na anachotaka, yaani pesa zake, na kwamba tangu hapo atajichagulia shaba mwenyewe. Hayo manne ndiyo yaliyokuwa yakikosekana katika barua nyingi zilizopita mikononi mwangu. Mtu aliandika kurasa sita za uchungu wa haki kabisa, namba ya akaunti hakuiweka. Barua ya namna hiyo iliwekwa kando "ya baadaye". Iliyokuwa na namba, tarehe na ombi moja ilifunguliwa faili siku hiyo hiyo, hata kama aliyeileta alikuwa mtoto aliyetumwa.

Kwako wewe: namba ya akaunti na ya mita, siku ambazo maji hayakutoka, picha ya mita yenye namba zinazosomeka, kiasi cha bili unachokipinga, na unachotaka, kwa mfano mita isomwe upya mbele yako na bili irekebishwe ndani ya siku 14. Jambo ambalo wengi hawalijui: mabomba yakikaa makavu hujaa hewa, na maji yakirudi hewa hiyo husukumwa na inaweza kuizungusha mita kabla hujapata hata kikombe. Kwa hiyo piga picha ya mita kabla maji hayajaja na baada ya kujaza madumu, uhesabu madumu, ulinganishe. Ukiwa na picha hizo, wa dirishani hana la kukujibu ila kuita fundi.

Ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na jina la aliyepokea uliandike wewe mwenyewe pembeni. Wasipojibu, peleka nakala kwa Wasreb, bodi inayodhibiti huduma za maji nchini. Unaweza pia kwenda kwa tume ya haki za kiutawala, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo watu huiita Ombudsman. Kusikilizwa pale ni bure. Wazee wetu walikuwa wakisema mnyonge hana haki. Tume hiyo imejiwekea kauli mbiu ya "Hata Mnyonge Ana Haki", nawe una ruhusa ya kuwadai waitimize. Ukitaka kutaja Katiba ya 2010, kifungu cha 43 kinakupa haki ya maji safi na salama ya kutosha, na cha 46 kinakulinda wewe mnunuzi wa huduma. Mstari mmoja unatosha, usigeuze barua kuwa hotuba.

Kama majirani nao wana bili hizo hizo, kila mmoja aandike yake kwa namba yake, kisha mzipeleke siku moja. Barua ishirini zenye mihuri ya tarehe moja hakuna karani anayeweza kuziweka kando, na hilo nakwambia nikiwa nimekaa upande wa pili wa dirisha.